Kununua kompyuta ya michezo iliyo tayari au kuiunda mwenyewe

Kabla ya kulipia kompyuta ya michezo iliyokwisha kuundwa, mwombe muuzaji alifungue kasha, uitazame pawasaplai, yaani kifaa kinachoigawia kompyuta umeme, kwa kuwa ndicho kifaa ambacho waundaji wengi hukibania gharama, ilhali umeme wetu wa volti 240 hupanda na kushuka bila kupiga hodi. Ukiunda mwenyewe, anza na kadi ya michoro, inayotengeneza picha za michezo kwenye skrini, ambayo kwa kawaida humeza sehemu kubwa ya bajeti, kisha uchague kasha lenye matundu mengi na vichujio vya vumbi, maana joto la Mombasa na hewa ya chumvi, hasa kwa wakaao Nyali karibu na bahari, havina huruma. Asiye na subira ya kusaka hitilafu na anunue iliyo tayari, mradi dhamana iandikwe kwenye risiti; lakini mimi ningeunda mwenyewe.