Ukitaka kuasili mtoto wa kabila lingine mjini Goma

Kabla ya kupeleka ombi mbele ya mahakama ya watoto, tafuta kwanza ndugu wa mtoto, kwani kifungu cha 20 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinataka asili yake ya kikabila, dini, utamaduni na lugha vizingatiwe, ingawa hakisemi kwamba kabila lako likuzuie kumlea. Andika jina alilokuja nalo, kijiji cha wazazi wake na lugha anayoitikia anapolia usiku. Habari hizo hupotea upesi, hasa kwa waliokimbia vita. Usimbadilishie jina ili kumficha, kwani naona huko ni kumnyang’anya ukoo mara ya pili. Akitoka Masisi, eneo lililo magharibi ya Goma, na kuongea Kihunde, lugha ya huko, mtafutie jirani wa kuongea naye kila juma.