Mashine nafuu ya kusafishia santuri: angalia kwanza maji machafu yanatokaje

Vumbi, mafuta ya vidole na ukungu vikishaingia kwenye mifereji ya santuri, kuvilegeza si kazi kubwa. Maji yenye dawa na brashi laini vinatosha. Ugumu uko kwenye kuvitoa. Maji machafu yakiachwa yakaukie juu ya santuri, uchafu unatua tena chini ya mfereji na kuganda, na santuri inatatarika kuliko ilivyokuwa kabla ya kuoshwa. Kwa hiyo unapolinganisha mashine, usianze na mota wala umbo. Uliza maji machafu yanaondokaje.

Ya bei ya chini kabisa ni beseni lenye brashi, mfano Spin-Clean au Knosti. Haitumii umeme. Santuri inasimama wima kati ya brashi mbili, unaizungusha kwa mkono mara tatu mbele na mara tatu nyuma. Inamfaa mwenye santuri chache, lakini santuri ya ishirini inaogea uchafu wa zile 19 zilizotangulia. Badilisha maji kila baada ya santuri 15 hivi, au mapema ukiona chembe zinaelea. Kisha suuza kwa maji yaliyokenekwa (yaliyotokana na mvuke uliopozwa, hayana chumvi) kwenye chombo kingine, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na uiweke wima ikauke kabisa kabla ya kuirudisha kwenye mfuko wake.

Ukiweza kuongeza kidogo, nunua mashine ya kufyonza. Kwa watu wengi hapa ndipo fedha inafanya kazi yake, kwa sababu maji yanavutwa pamoja na uchafu wake na santuri inakauka papo hapo. Zenye bei nafuu unazizungusha kwa mkono, na hilo si kasoro mradi kisahani kinachobeba santuri kizunguke bila kukwama wakati mkono wa kufyonza umeng'ang'ania santuri. Kagua mambo haya: vipande vya mahameli kwenye mdomo wa kufyonzea viwe vya kubadilishwa na vipatikane; tangi liwe na mpira wa kumwagia maji; na mota iweze kupumzishwa, maana nyingi hupata joto baada ya santuri kadhaa mfululizo. Kelele yake ni ya kifyonza vumbi cha nyumbani, jiandae.

Namna ya kuitumia: mimina mililita 3 hadi 5 za dawa upande mmoja, sambaza kwa brashi ukifuata mzunguko wa mifereji, iache dakika moja, kisha fyonza kwa mizunguko miwili. Usizidishe. Mahameli makavu yakiendelea kusugua santuri kavu, umeme tuli unajijenga na vumbi linarudi palepale. Ukiona michirizi ya maji imebaki, mahameli yamechakaa au santuri imepinda na haigusi mdomo sawasawa. Kosa ambalo wengi hawalioni ni kugeuza santuri na kulaza upande safi mahali palipokuwa na upande mchafu. Weka mkeka wa pili kwa ajili ya upande uliokwisha kusafishwa.

Mashine za altrasoniki, zinazotikisa maji kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, huchimbua uchafu vizuri zaidi, ila za bei nafuu nyingi ni tangi la kawaida la lita 6, kilohezi 40, lililofungiwa mota ya kuzungusha santuri, na hazikaushi. Hakikisha kina cha maji kinafika karibu na lebo bila kuilowesha, yaani sentimita 9 au 10 kutoka ukingoni. Acha sentimita 2.5 kati ya santuri na santuri, zima hita, na usiruhusu maji yazidi nyuzi joto 35, kwani vinili, plastiki ya santuri, hupinda kwa joto. Kujaribu tangi, ning'iniza karatasi ya aluminiamu ndani kwa dakika moja: ikitobolewa vitundu vilivyoenea sawasawa, mawimbi yanafika kote. Alkoholi nyingi usiiweke humo, mvuke wake unashika moto.

Dawa ya mashine ya kufyonza unaweza kuichanganya mwenyewe: mililita 800 za maji yaliyokenekwa, mililita 200 za alkoholi ya isopropili, na matone machache ya kilowanishi (kinachosaidia maji kuenea na kuingia mferejini) kisicho na rangi wala manukato. Maji ya bomba yanaacha chumvi ndani ya mifereji. Santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, zilizotengenezwa kwa shelaki (utomvu mgumu wa wadudu), zisiguswe na alkoholi hata kidogo, inaziyeyusha.

Baada ya kusafisha, piga upande mmoja na uitazame sindano. Ikiwa imekusanya utando mweupe, dawa imebaki mferejini: suuza tena kwa maji matupu yaliyokenekwa, ufyonze mara moja.