Siku tano juu ya farasi Laikipia: jinsi ya kujiandaa, kutandika na kufika bila kuchubuka

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kuongoza wageni kwa farasi katikati ya tembo na simba, swali la kwanza huwa moja: "Hamliwi?" Sijawahi kumrudisha mgeni Nanyuki kwa sababu ya simba. Nimewarudisha kwa sababu ya suruali. Mshono wa jinzi ukisugua paja saa tano mfululizo, ngozi hutoka, na mtu mzima hulala kifudifudi hemani akiomba gari. Farasi naye ni vivyo hivyo: kinachomtoa njiani ni mkunjo wa kitambaa chini ya tandiko.

Kwa hiyo hapa nitazungumzia michubuko kuliko simba, ingawa simba nao watapata zamu yao. Njia ninayoielezea ni ya siku tano: unaanzia ranchi za Borana na Lewa, kaskazini mwa Mlima Kenya, unateremka Il Ngwesi kwenye ardhi ya jamii ya Wamaasai, kisha unafika ukingo wa msitu wa Mukogodo. Tangu ua kati ya Borana na Lewa ulipoondolewa mwaka 2014, hapo pekee kuna zaidi ya ekari 90,000 ambazo farasi anapita bila kusimama langoni.

Hatua ya 1: Jipime kabla ya kulipa

Si lazima uwe mpanda farasi wa mashindano. Lakini siku tano si mahali pa kujifunzia kusimamisha farasi. Chukua masomo kumi hivi ya saa moja moja. Nairobi yapo maeneo ya Karen na Ngong, Arusha nako utapata. Usiache mpaka uweze mambo matatu: kumwanzisha na kumsimamisha farasi bila kumng'ang'ania mdomo, kwenda matiti (mwendo wa farasi ulio kati ya kutembea na mbio za shoti) dakika kumi bila kushika tandiko, na kukaa sawa akiondoka shoti ghafla. (Ndiyo, neno ni matiti, kamusi inalo, na kila kundi hucheka siku ya kwanza. Cheka, halafu tuendelee.)

Uzito nao uuseme ukweli kwenye fomu. Kwetu kikomo ni kilo 90 ukiwa umevaa kila kitu. Mtu akiandika 85 na kushuka kwenye gari akiwa 104, ninayemwadhibu ni farasi, na sikubali. Mgeni wa namna hiyo hukaa kwenye lori la mizigo na mpishi, na hakuna refandi.

Hatua ya 2: Maswali ya kumuuliza mwenye farasi

Bei ya mkazi ipo, iulize. Uliza pia kama bima yako inalipia kubebwa na ndege hadi Nairobi, maana kutoka Mukogodo kwenda hospitali kubwa kwa barabara ni nusu siku ya mateso kwa mtu aliyevunjika mguu.

Swali ambalo wengi hawaulizi ni la chanjo. Kuna ugonjwa wa virusi unaoitwa homa ya farasi ya Afrika, unaenezwa na visubi, vile vidudu vidogo kuliko mbu vinavyouma kuanzia machweo. Punda milia huubeba bila kuugua. Farasi hujaa maji mapafuni na anaweza kufa kwa siku chache. Laikipia imejaa punda milia. Mwenye farasi makini atakujibu papo hapo chanjo ya mwaka huu ilipigwa lini. Akianza kukuelezea uzuri wa machweo, tafuta mwingine.

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, au Januari na Februari. Mvua za masika zikishaanza, udongo mweusi hushika kwato kama unga wa ugali kwenye mwiko, na mteremko ambao jana ulikuwa raha leo ni wa kushuka kwa miguu ukimvuta farasi nyuma.

Hatua ya 3: Nguo

Suruali iwe ya kubana kiasi, isiyo na mshono mnene ndani ya paja. Kama huna ya kupandia, suruali ya mazoezi chini ya suruali nyepesi inatosha. Ndani, nguo ya pamba isiyo na lastiki kali. Paka mafuta ya mgando kwenye paja na nyuma ya goti kila asubuhi, kabla hujahisi chochote. Ukingoja mpaka paja liwashe, umechelewa.

Viatu viwe na kisigino cha sentimita mbili au tatu ili mguu usipenye kwenye kikuku, yaani kile chuma cha kukanyagia. Raba za kukimbilia hapana. Kofia ngumu ni lazima hata kama picha zako zitaharibika. Leta leso ya vumbi na sweta nzito: mchana jua litakuchoma, lakini karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari usiku meno hugongana.

Na usivae koti la plastiki linalopiga kelele. Farasi anayemwangalia faru bila kushtuka anaweza kuruka mita tatu kwa sababu ya mfuko wa plastiki.

Hatua ya 4: Tandika kwa mikono yako

Masaisi, yaani watunza farasi, watakutandikia ukitaka, lakini nakuomba ujifunze siku ya kwanza, maana hapa ndipo safari inapookolewa au kupotea.

Anza na brashi. Piga mgongo wote na chini ya tumbo unakopita mkanda, ukifuata ulalo wa manyoya. Kisha weka brashi chini na upitishe kiganja kitupu. Macho hayaoni kila kitu. Kiganja hupata punje ya nyasi, kupe, au sehemu yenye joto kuliko nyingine. Farasi akikunja mgongo au kurudisha masikio nyuma ulipomgusa, usiendelee. Mwite saisi.

Weka kitambaa mbele kidogo kuliko panapostahili, juu ya mabega, halafu ukivute nyuma ili manyoya yalale. Usikisukume mbele kamwe. Ukikosea, kitoe uanze upya. Juu yake tandiko. Sasa fanya kitu ambacho wanafunzi wote husahau: ingiza vidole chini ya kitambaa pale mabega yanapokutana na ukiinue kiingie kwenye uwazi wa tandiko, hewa ipite. Kikibaki kimebana hapo, ifikapo mchana kitakuwa kimeanza kukata.

Mkanda wa tumbo hufungwa mara tatu. Mara ya kwanza legea tu, tandiko lisianguke. Farasi wengi hujaza kifua hewa ukiwafunga, wajanja hao. Mtembeze hatua ishirini, atapumua, kisha kaza matundu mawili. Inua mguu wa mbele, uuvute mbele taratibu, halafu na wa pili, ili ngozi iliyokunjwa chini ya mkanda inyooke. Mara ya tatu ni ukishapanda na kutembea dakika kumi. Vidole viwili viingie kwa shida kidogo kati ya mkanda na ngozi.

Niliwahi kuona haya yote ni mbwembwe. Mwaka wangu wa kwanza, nikiwa saisi mdogo, nilitandika haraka kwa sababu mgeni alikuwa tayari amepiga picha na anasubiri. Mwiba mmoja wa mgunga, mfupi kuliko njiti ya kiberiti, ulikuwa umenasa kwenye kitambaa. Siku ya pili saa sita mchana farasi alikataa kusonga. Tulipotoa tandiko kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Mzee aliyekuwa ananifundisha kazi, Mborana wa Isiolo, hakunigombeza. Alinipa kile kitambaa akasema, "Kijana, kivae wewe." Nilitembea nacho mabegani, mwiba ukiwa umo, mpaka kambini. Ilikuwa kama kilomita kumi na moja. Farasi yule alipumzika wiki tatu.

Hatua ya 5: Kupanda na saa ya kwanza

Pima kikuku kabla hujapanda: gusa kwa ncha za vidole pale ukanda wake unapoanzia kwenye tandiko, vuta kikuku kuelekea kwapani, kikigusa kwapa, urefu unakaribia kuwa sawa. Panda kutoka kushoto. Shika hatamu na manyoya ya shingo kwa mkono wa kushoto, usivute tandiko, na ukae polepole kama unayekalia kiti cha mkwe. Kwenye kikuku iingie sehemu pana ya mbele ya unyayo tu, kisigino kishuke.

Saa ya kwanza ni mwendo wa kutembea. Nawajua wageni, wanataka shoti kabla hawajatoka kwenye mabanda. Farasi wetu wengi wana damu ya farasi wa mbio za Ngong iliyochanganywa na ya farasi wadogo wa Somalia na Ethiopia: miguu ya kukimbia, tumbo la kuvumilia. Wakishapata moto asubuhi na mapema, siku nzima utakuwa unavutana nao.

Kwa matiti, inuka na kukaa ukifuata mapigo ya miguu, usigonge mgongo wake. Shoti tunapiga pale kiongozi anapojua ardhi, na unabaki nyuma yake. Si suala la adabu. Uwanda unaoonekana laini kama mkeka una mashimo ya muhanga, na mguu wa farasi ukiingia humo kwa mwendo kasi, habari imeisha kwa farasi na pengine kwako.

Hatua ya 6: Tazama masikio, siyo simu

Farasi atamwona mnyama kabla yako, na kumnusa kabla ya hapo. Masikio yote mawili yakisimama mbele na shingo ikainuka, kuna kitu. Sema kwa sauti ya chini, "Kiongozi, kulia." Usinyooshe mkono ghafla.

Twiga na punda milia watakuacha ufike karibu kwa kuwa wanaona mnyama mwenzao wa miguu minne. Ndiyo raha yenyewe ya safari hii: unapita katikati ya kundi na hakuna anayeacha kula. Ila mtu akishuka chini tu, picha hubadilika na wote hutimka. Kwa hiyo usishuke kabla hujaambiwa.

Tembo tunawasogelea upepo ukitoka kwao kuja kwetu, kwa kupinda pinda, na daima nikiwa nimeshaona njia ya kutokea. Nikiinua kiganja, simama. Nikigeuza farasi, geuka nawe bila kuuliza, maswali tutajibizana baadaye.

Na simba, nilivyoahidi. Sheria ni moja: usikimbie. Farasi anayekimbia ndiye nyama. Tunajikusanya, bega kwa bega, vichwa vikimtazama, nami ninakaa mbele na mjeledi wangu. Mlio wake mara nyingi unatosha. Bunduki ipo, na naombea ikae ilipo. Kazi yako ni kupumua. Ukibana miguu na kushika pumzi, farasi anakusikia mgongoni na kuamini kwamba umeona jambo baya kuliko alilofikiria.

Ninayemwogopa kweli ni nyati mzee aliyelala peke yake vichakani. Ndiyo maana kwenye mabonde ya mto tunazunguka mbali, hata njia iongezeke nusu saa na mtu alalamike njaa.

Hatua ya 7: Nusu kilomita ya mwisho, na kambi

Kambi ikionekana, shuka. Legeza mkanda tundu moja na utembee na farasi. Misuli yake inapoa polepole, na magoti yako, ambayo yamekuwa yakilalamika tangu saa nane, yanakumbuka kazi yake.

Kabla hujaelekea kwenye bia: toa tandiko, pitisha kiganja mgongoni tena. Osha jasho sehemu za tandiko na mkanda; chumvi ikikauka hugeuka msasa kesho. Inua kila ukwato na uchokoe mawe kwa kijichuma chake, ukianzia kisiginoni kwenda mbele. Tafuta kupe masikioni na chini ya mkia. Maji apewe mapema na mara nyingi. Farasi mmoja kwa siku kama hii anaweza kumaliza lita 40. Kisha atafungwa kwenye kamba ndefu kati ya miti, na masaisi watawasha moto wa moshi kufukuza visubi. Moshi utakujia hemani. Usiombe uzimwe.

Wewe sasa oga. Ndoo ya maji ya moto inatundikwa mtini, na una kama dakika nne.

Hatua ya 8: Siku ya tatu

Siku ya tatu asubuhi utajiuliza nani alikutuma. Kila mtu hufika hapo. Usikae kitako, zunguka kambi dakika kumi, nyoosha nyonga, badilisha urefu wa vikuku tundu moja juu au chini ili uzito uhamie misuli mingine. Palipochubuka, funika kwa plasta pana kabla ya kuvaa. Kama pametoka damu, niambie usiku, siyo asubuhi nikiwa nimeshapanga farasi. Ipo nafasi kwenye lori na hakuna atakayekucheka isipokuwa mpishi, ambaye hucheka kila mtu.

Kufikia siku ya nne mwili huwa umeacha ubishi.

Siku ya mwisho

Bahasha ya masaisi wape wenyewe mkononi, kwa majina yao. Umekaa nao siku tano, hukosi kuyajua. Karoti ya farasi iweke kwenye kiganja kilichonyooka, kidole gumba kikiwa kimebanwa pembeni. Akisha kutafuna atakusugua kichwa mgongoni, na wengi hudhani ni upendo. Anawashwa na hatamu. Mtolee.