Nguzo ya Kioo Imekatika? Usikimbilie Supaglu

Kwetu Nakuru Safari Rally si habari ya kusimuliwa. Naivasha, yanakofanyika mashindano hayo ya magari, iko kaunti hii hii, na tangu yarudi kwenye Rali ya Dunia mwaka 2021, vumbi lake tumelionja. Mimi huunda modeli za plastiki za magari hayo. Lililo mezani sasa ni Datsun 240Z ya skeli 1:24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari lenyewe, aina iliyoshinda Safari mwaka 1971 na 1973. Boksi lilinifikia limelaliwa, na nguzo ya kushoto ya kioo cha mbele imekatika.

1. Tafuta vipande vyote kwanza. Kung'utia boksi juu ya kitambaa cheupe. Kipande changu, chenye urefu wa punje ya mchele, kilikuwa kimenasa kwenye karatasi ya stika. Osha bodi kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu mafuta ya kiwandani hukataa gundi na rangi.

2. Ijue gundi yako. Plastiki hii ni polistairini. Gundi ya modeli, ile nyepesi ya kichupa chenye brashi, huyeyusha kingo mbili zikashikana, kama fundi anayechomelea bodi ya matatu. Supaglu hukaa juu tu, na kiungo chembamba kikiguswa vibaya kinakatika tena. Gundi ya modeli haishiki kwenye rangi wala kromu, kwa hiyo kwangua kwa wembe mpaka uione plastiki yenyewe. Fungua dirisha, mvuke wake si mzuri.

3. Tia chuma ndani. Hapa usiwe na haraka. Nguzo ina unene wa milimita mbili hivi, na gundi peke yake haitoshi. Mimi hufumua kebo kuukuu ya breki ya baiskeli na kuchukua uzi mmoja. Toboa kila upande kwa keekee ya milimita 0.5, ukiizungusha kwa vidole. Mashine hapana, itayeyusha plastiki. Matundu yakipishana hata kidogo, nguzo itakaa upande, basi weka nukta ya rangi mbichi upande mmoja, gusisha upande wa pili, utoboe palipochafuka. Ingiza uzi, lete kingo pamoja, kisha gusisha brashi ya gundi kwenye ufa, itajinyonya yenyewe. Funga kwa selotepu ya karatasi, lakini isipite juu ya ufa, maana gundi itatambaa chini yake na kuacha alama. Kalale. Usiiguse hadi kesho.

4. Ziba mapengo. Usitupe fremu ile iliyoshika vipande. Ikatekate, itie kwenye gundi ya modeli usiku kucha, upate uji mzito wa plastiki ile ile. Paka ukizidisha kidogo kwa sababu husinyaa, na uipe siku tatu. Ukiwa na haraka, hapo ndipo supaglu ina kazi: tone moja, nyunyizia soda ya kuokea, inaganda papo hapo. Ila ipige msasa ndani ya saa moja, la sivyo itakuwa ngumu kuliko plastiki na utakula nguzo ukiacha kivimbe.

5. Msasa. Namba 400, 600, kisha 1000, ukilowesha. Uzungushie kijiti cha aiskrimu.

Vioo usivitie supaglu kabisa, mvuke wake huacha ukungu mweupe. Tumia gundi nyeupe ya mbao. Bampa ya kromu iliyochubuka iloweke kwenye Jik hadi kromu itoke, suuza, upake upya.

6. Praima (rangi ya kwanza) ya kijivu, nyembamba. Ndiyo itakayokusuta. Mstari wa ufa ukionekana, rudi kwenye msasa. Wangu umeonekana mara mbili, na bado nauona nikiinamisha Datsun dirishani.