Kutunga Shairi la Majira na Wakati ukiwa Dar es Salaam

Anayeketi Dar es Salaam kutunga shairi la majira hujiwa kwanza na picha alizosoma vitabuni: theluji, msitu unaopukutisha majani, siku zinazofupika kadiri mwaka unavyozeeka. Picha hizo ni za kweli huko zilikotoka, lakini mji huu uko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, ambako mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote havipishani hata kwa saa moja, na kwa hiyo jua halimsaidii sana mtunzi kuonyesha kwamba mwaka umesogea. Kabla ya kushika kalamu, basi, tafuta kile kinachobadilika kweli mahali ulipo.

Kinachobadilika zaidi ni upepo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, pamoja na joto la kiangazi. Kisha upepo wa kusi hushika zamu, ukiandamana mwanzoni na mvua za masika, na hupata nguvu zake Juni na Julai, wakati wa kipupwe, bahari inapochafuka na wavuvi wa vyombo vidogo wakasita kutoka. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi, kwa hiyo anayetaka kuandika juu ya kuagana na kurejea tayari ana kipimo chake, bila kulazimika kutaja mwezi wala mwaka. Mabaharia wa Pwani walihesabu mwaka wa jua kuanzia siku ya Nairuzi, kwa miongo ya siku kumi kumi, na hesabu hiyo ni hazina kwa mtunzi anayechoshwa na majina ya miezi ya ofisini.

Baada ya upepo, tazama miti na masoko. Mwembe huchanua wakati wa kipupwe, na maembe hujaa kwenye matoroli mwishoni mwa mwaka, siku zile zile ambazo mkrismasi hufunikwa na maua mekundu. Mtu anayeng'ang'ania majani yanayopukutika anao mkungu, ambao majani yake hugeuka mekundu kabla ya kuanguka, na hana haja ya kuazima mti wa ugenini. Mvua nayo ina zamu mbili, masika kati ya Machi na Mei na vuli kati ya Oktoba na Desemba, lakini usigawe mambo kirahisi mno ukaipa masika peke yake mafuriko yote: maji yaliyoingia katika nyumba za Bonde la Msimbazi mwaka 2011 yalikuja Desemba.

Ukishapata alama zako, chagua moja tu na uishikilie. Shairi linalotaja kaskazi, kusi, maembe, mkungu na Msimbazi katika beti tatu huwa orodha, na orodha haimgusi msomaji. Wakati wenyewe usiutaje kabisa katika rasimu ya kwanza. Maneno kama "miaka imepita" na "dunia inabadilika" hufanya kazi ambayo ingefanywa vizuri zaidi na kitu kinachoonekana.

Umbo la tarbia linafaa sana hapa. Kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo una mizani, yaani silabi, kumi na sita zilizogawanywa nane kwa nane, na vina, yaani silabi zenye sauti inayofanana, hutunzwa katikati na mwishoni. Mtunzi anayetaka kanuni hizi zilizoandikwa kwa mpangilio amtafute Kaluta Amri Abedi, aliyezichapisha mwaka 1954 na ambaye baadaye alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa jiji hili. Ila kinachonivutia zaidi katika tarbia ni kibwagizo, ule mshororo wa mwisho unaorudiwa, kwa sababu ndio chombo bora kabisa cha kuonyesha wakati: maneno hayabadiliki hata herufi moja, lakini kila yanaporudi yanamkuta mtu mwingine, au mtu yule yule akiwa katika hali nyingine. Ubeti wa kwanza unaweza kuwa hivi:

Watoto wote pamoja, kelele tele uani,
Kila mmoja angoja, zamu yake mkekani,
Bibi amekata moja, la pili li mkononi,
Maembe yameshakuja, nani nimpe sahani?

Hapo swali la bibi ni la shangwe, kwani mikono iliyonyooshwa ni mingi kuliko sahani. Ubeti wa mwisho unarudisha vitu vile vile, mkeka, embe na bibi mwenyewe, na haupaswi kueleza kilichotokea kati ya msimu ule na huu:

Mkeka umeshachuja, wasimama ukutani,
Bibi aketi, angoja, simu toka ugenini,
Amekata embe moja, nzi watua kisuni,
Maembe yameshakuja, nani nimpe sahani?

Beti za katikati, ziwe mbili au tano, zipunguze watoto kidogo kidogo, na kila ubeti uwe msimu wake wa maembe. Ukiruka kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, msomaji atashtuka tu. Ukipunguza polepole, atakuwa amekwisha kuhesabu kabla wewe hujasema.

Katika kuhesabu mizani, kumbuka kwamba "m" ya "mkekani" inasimama yenyewe kama mizani moja, na "n" ya "nzi" vivyo hivyo, ilhali "mb" ya "embe" haiongezi kitu. Wengi hufikia shairi guni, yaani lenye kasoro ya mizani au vina, kwa kosa hilo. Wengine hukwepa uguni kwa kubandika vijazio kama "kwangu mimi" au "nasema wazi", jambo ambalo kwa maoni yangu ni baya zaidi, kwa kuwa mizani inatimia na shairi linakufa. Mshororo ukipungukiwa, badilisha picha, usiongeze maneno.

Rasimu ikikamilika, ijaribu kwa njia hii: ondoa "masika" uweke "kiangazi", au ondoa "kusi" uweke "kaskazi". Kama ubeti bado unaeleweka vile vile, majira hayakuwa na kazi humo, na ubeti huo uandikwe upya. Kisha usome kwa sauti mbele ya mtu anayeijua bahari kuliko wewe, na kule soko la samaki la Feri hawakosekani, umwombe akusikilize upepo na bahari tu na kuachana na vina. Akisema kwamba kusi lako limevuma Januari, rekebisha kabla hujalipeleka shairi popote.