Hukumu ya bangi Lubumbashi: siku 10 za kukata rufaa

Kosa linaloua rufaa kuliko yote ni kungoja kopi ya hukumu. Kopi inaweza kukawia. Siku 10 hazingoji. Aliyehukumiwa akiwepo huhesabiwa tangu hukumu iliposomwa. Aliyehukumiwa hayupo huhesabiwa tangu alipopelekewa hukumu hiyo, na anaweza pia kuipinga mbele ya tribinali ileile.

Kama hukumu ni ya tribinali ya amani, rufaa huenda Tribinali Kuu. Kama Tribinali Kuu ndiyo iliyohukumu mwanzo, huenda Korti ya Rufaa ya Haut-Katanga. Defanseri (mtetezi wa mahakamani asiye avoka) hasimami katika Korti ya Rufaa, huko tafuteni avoka (wakili). Wasio na pesa waulize ofisi ya ushauri wa bure ya baro (chama cha mawakili).

Apeli (rufaa) yenyewe ni tamko fupi, halihitaji sababu ndefu. Hutolewa palepale hukumu inaposomwa, au kwenye grefe (ofisi ya karani wa tribinali), au kwa barua kwa grefye (karani). Barua kutoka Kasapa (gereza la Lubumbashi) huhesabiwa siku grefye alipoipokea, si siku ilipoandikwa. Zikibaki siku 2, barua ni kamari: tumeni avoka.

Avoka naye awe na prokurasiyo maalum (hati ya kumpa mamlaka) iliyosainiwa na mfungwa mwenyewe: jina lake kama lilivyo kwenye hukumu, namba ya RP (ya faili la jinai), tribinali, na maneno "kukata rufaa". Ile ya kumtetea tu haitoshi. Tarehe yake isiwe baada ya siku ya apeli, maana upande wa pili huanzia kupinga hapo hapo. Msiondoke grefe bila kopi ya akti (hati) ya apeli. Baadaye faili hupewa namba ya RPA (ya rufaa ya jinai).

Mfungwa akikata rufaa peke yake, adhabu haiwezi kuongezwa. Parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) nayo ikikata, adhabu inaweza kupanda. Ulizeni grefe mapema. Na aliye ndani kwa kawaida hubaki ndani rufaa ikisubiri.

Kwenye bangi, chimbeni PV (ripoti rasmi) ya ukamataji. Mzigo ulipimwa kilo ngapi, na nani, mbele ya nani? Ulifungwa na kutiwa muhuri? Kuna aliyeuchunguza, au PV inasema tu "majani makavu"? Begi lilikuwa mikononi mwake au chini ya kiti cha basi la watu wengi? Gramu za PV zikitofautiana na za hukumu, hiyo ni hoja nzito kuliko machozi ya familia.

Mwisho, hesabuni siku za mahabusu. Aliyekamatwa 4 Machi na kuhukumiwa 4 Juni ameshatumikia miezi 3, na lazima ikatwe kwenye kifungo.