Gari linalozima unaposimama: tafuta hewa kabla ya kununua sensa

Mwongozo huu unahusu magari ya petroli yenye gia otomatiki, hasa Toyota kama Premio, Allion na Spacio zenye injini ya 1ZZ-FE, ambazo hutembea bila tatizo lolote kutoka Usa River hadi mjini Arusha, kisha zikazima dereva anapofunga breki kwenye mzunguko wa Impala. Nimeuandika baada ya kumsaidia jirani ambaye alikuwa amekwisha kubadilishiwa sensa ya oksijeni, koili na pampu ya mafuta, na bado gari lilikuwa likizima.

Mguu unapotoka kwenye ekseleta, throtoli (mlango wa kupitishia hewa ya injini) hufunga na injini hubaki ikitegemea hewa kidogo sana. Hapo kasoro ndogo, ambayo isingeonekana gari likiwa kwenye mwendo, inatosha kuizima.

Hatua ya 1: Jua linazima wakati gani. Angalia kama linazima likiwa la baridi au la moto, kiyoyozi kikiwa kimewashwa au la, na kama linazima hata ukiweka N kabla ya kusimama. Andika majibu hayo, kwa maana yatakuokoa baadaye.

Hatua ya 2: Plagi na eya klina. Zikague na uzibadilishe zikiwa zimechoka.

Hatua ya 3: Safisha throtoli. Vumbi na mvuke wa oili hujenga utando mweusi kwenye ukingo wake. Tumia dawa ya kusafishia throtoli na kitambaa laini, wala usitumie msasa. Kwenye magari yenye waya wa ekseleta, safisha pia vali ya sailensa (yaani ya injini inapounguruma bila ekseleta kukanyagwa) iliyo chini ya throtoli, kwa sababu ikikwama kwa uchafu injini hukosa hewa ya kuishikilia. Kwenye throtoli ya umeme, usisukume kibati chake kwa kidole wakati swichi ya gari imewashwa, kwani mota inaweza kukuumiza.

Hatua ya 4: Tafuta hewa inayoingia kwa wizi. Hapa ndipo kazi ilipo. Injini yenye sensa ya MAF, yaani ya kupimia hewa inayoingia, huhesabu hewa yote inayopita mbele ya sensa hiyo, na hewa inayoingilia nyuma yake haihesabiwi, kwa hiyo mafuta huwa pungufu na injini hufa inapokuwa sailensa.

Kama una kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, usiishie kwenye kodi P0171, inayosema tu kwamba mafuta ni pungufu kuliko hewa. Tazama marekebisho ya mafuta (fuel trim), yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta: yakiwa juu ya asilimia 10 kwenye sailensa, kisha yakashuka karibu na sifuri ukipandisha injini hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, karibu hakika kuna mahali panavuja. Fahamu kwamba baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayasomeki kwa vifaa vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu. Mimi napendelea geji ya vakyumu, inayopima mfyonzo ndani ya manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda), ambayo haihitaji kuelewana na kompyuta, ila takwimu za vitabuni huandikwa kwa usawa wa bahari. Arusha iko takriban mita 1,400 juu, hivyo injini isiyo na kasoro inayoonyesha inchi 18 za zebaki Dar es Salaam itaonyesha kati ya 13 na 14 hapa. Usifungue injini kwa sababu ya tofauti hiyo.

Wapo wanaopulizia petroli au dawa ya kabureta juu ya injini inayounguruma ili wasikie mlio ukibadilika. Siwezi kukubali njia hiyo karibu na ekzosi ya moto. Chupa ya maji ya kupulizia inatosha: maji yakiziba ufa kwa sekunde moja, mlio hubadilika. Puliza kwenye maungio ya manifodi, kwenye mipira midogo ya vakyumu na kwenye mpira wa vali ya PCV (inayorudisha mvuke wa oili kwenye injini), na uhakikishe kifuniko cha oili na kijiti cha kupimia vimekaa sawasawa. Gasketi ya manifodi ikisinyaa huvuja injini ikiwa ya baridi na kujibana ikipata joto, kwa hiyo asubuhi za Juni na Julai ndizo za kuipima.

Usipopata kitu gari likiwa P au N, usidhani umemaliza. Mpira mnene unaotoka eya klina kwenda throtoli una mikunjo, na ufa hujificha ndani ya mkunjo, kwa kawaida upande wa chini usioonekana. Mauntingi ya injini (mpira unaoishikilia kwenye bodi) ikiwa imekatika, injini huegemea upande mmoja gia inapoingia D na mguu ukiwa kwenye breki. Mkunjo hufunguka, hewa huingia, na gari huzima. Ukirudisha N, ufa hufunga kana kwamba haukuwapo. Kwa hiyo weka vizuizi mbele na nyuma ya matairi, funga breki ya mkono, mweke mtu makini kwenye kiti akanyage breki, aweke D, kisha R kwa sababu injini huegemea upande wa pili. Wewe simama ubavuni, kamwe usisimame mbele ya gari wala nyuma yake. Ufa ukipatikana, badilisha mpira pamoja na mauntingi, kwani mpira mpya peke yake utapasuka tena. Gundi na utepe ni vya kukufikisha nyumbani tu.

Hatua ya 5: Busta ya breki, inayotumia vakyumu ya injini kulainisha pedali. Gari likiwa limesimama kwenye sailensa, kanyaga breki mara kadhaa. Injini ikiyumba na ukasikia mluzi chini ya dashibodi, busta inavuja. Usiliendeshe gari mpira wa vakyumu wa busta ukiwa umezibwa, kwa sababu pedali itakuwa ngumu na gari litachelewa kusimama.

Hatua ya 6: Gia boksi. Kama katika hatua ya 1 gari lilizima ukiwa D lakini halikuzima ulipoweka N mapema, na hewa haivuji, ishuku solenoidi ya lokapu (vali ya umeme inayofungia injini na gia boksi pamoja gari likiwa kwenye mwendo) na umtafute fundi wa gia otomatiki.

Hatua ya 7: Jaribu. Washa kiyoyozi na taa, weka D, funga breki: sailensa itulie karibu na mizunguko 700. Baada ya kusafisha throtoli inaweza kubaki juu kwa siku chache hadi kompyuta ijifunze upya, kwa hiyo usiguse skrubu yoyote ya kurekebishia.